Kalipa nyekundu mbele, kutu nyuma: kisa cha Forester iliyoshuka Kitonga mara tatu

Ililetwa Jumatatu asubuhi ikiendeshwa polepole kutoka Kimara hadi Tabata, taa za hatari zikiwaka njia nzima. Subaru Forester ya turbo, toleo la SG5, otomatiki. Mwenyewe alishuka akasimama kando ya tairi la mbele, kama mzazi aliyemleta mtoto hospitali.

"Fundi, breki hizi hazijamaliza hata miezi miwili. Mpya zote. Na ndizo zinazotaka kuniua."

Nikainama. Katikati ya mikono ya rimu niliona kalipa (kibanio kinachokandamiza pedi kwenye diski) nyekundu ya pistoni nne, diski yenye matundu na michirizi, na kibandiko kilichoanza kubabuka kwa joto. Kwa macho tu, gari lilikuwa tayari kwa mashindano. Nikaingia, nikawasha injini, nikakanyaga pedeli. Ilishuka zaidi ya nusu kabla ya kukutana na kitu chochote, na hicho kitu kilikuwa laini kama mpira wa miguu uliopungua upepo. Nikapampu mara tatu haraka, ikapanda na kukaza kidogo. Nikaachia, nikasubiri, nikakanyaga tena: chini.

Kuna upepo humo ndani ya mafuta ya breki, hilo halikuhitaji mjadala. Lakini nilinyamaza, maana upepo peke yake haukuweza kueleza yote aliyokuwa amenisimulia kwa simu usiku uliotangulia.

Safari zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza gari lilikuwa bado na breki zilezile za kiwandani. Alitoka Iringa kurudi Dar, watu wanne ndani, mizigo nyuma. Kwenye mteremko wa Kitonga akakaa nyuma ya malori, gia ikiwa kwenye D, mguu ukiwa juu ya breki karibu muda wote. Katikati ya mteremko akasikia harufu ya kuungua. Kona mbili mbele, pedeli ikazama. Akapampu, akavuta hendibreki, akafanikiwa kuegesha kwenye upenyo. Wakakaa kama nusu saa wakiuangalia moshi mwembamba ukitoka magurudumu ya mbele, kisha pedeli ikarudi yenyewe, na wakafika Dar salama.

Hapo ndipo akaamua "kuziboresha". Alinunua kalipa za mtumba za pistoni nne zilizotoka kwenye Impreza WRX, diski mpya za matundu, na pedi nyekundu alizoambiwa ni za mashindano. Fundi wa kwanza, ambaye simjui na sihitaji kumjua, alizifunga mchana mmoja. Safari ya pili alirudi na matenga mawili ya nyanya za Ilula nyuma. Pedeli, anasema, ilikuwa laini tangu siku ya kwanza, akaambiwa "zitakaa zenyewe". Pale Kitonga pedeli ikazama mapema kuliko mara ya kwanza. Safari hii alishusha gia hadi 2, injini ikalia, hendibreki ikamalizia kazi.

Niigusie hiyo hendibreki kabla sijasahau, kwa sababu yeye aliiita muujiza. Kwenye Forester hii, ndani ya diski ya nyuma kuna ngoma ndogo yenye viatu vyake vya breki, na hivyo huvutwa na waya. Havijui habari za mafuta. Mafuta yakichemka, waya unabaki waya.

Sasa, kabla ya kugusa jeki, nilimuuliza swali moja ambalo huwa nauliza kila anayesema breki zilifeli mlimani: "Kaka, pedeli ilikuwa ngumu na gari likakataa kusimama, au ilizama?"

Akajibu bila kusita kwamba ilizama, mara zote mbili.

Swali hilo ni nusu ya kazi yangu. Breki ikizidiwa na joto hufa vifo viwili tofauti. Katika kifo cha kwanza pedeli inabaki juu na ngumu, unakanyaga kwa miguu yote miwili, gari linateleza tu mbele kana kwamba umepaka diski sabuni. Hiyo ni pedi iliyopita kiwango chake cha joto. Katika kifo cha pili pedeli inaondoka chini ya mguu. Hayo ni mafuta yaliyochemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabinyiki, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye tairi. Mvuke unabinyika, kwa hiyo mguu wako unaishia kubinya mapovu. Likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na mafuta, pedeli inarudi juu, na mwenye gari anadhani Mungu amemsamehe.

Jibu lake lilimaanisha kwamba hata kwenye ile safari ya kwanza kilichomwangusha hakikuwa ukubwa wa kalipa wala aina ya diski. Lakini ndivyo alivyokwenda kununua.

Hesabu kidogo hapa inasaidia, na nilimfanyia juu ya boneti kwa chaki. Gari, watu na mzigo tuseme kilo 1,800. Kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza kama kilojuli 695. Kulishusha mlima wa kimo cha mita 100 bila kuongeza kasi ni kilojuli 1,765. Yaani kila mita 100 za kushuka ni sawa na kusimama ghafla kutoka 100 mara mbili na nusu, na Kitonga haina mita 100 tu. Upepo unaolipinga gari na injini huchukua sehemu, lakini ukiwa kwenye D nyuma ya lori, kasi ndogo, upepo mchache, injini karibu iko bure. Iliyobaki yote inageuka joto ndani ya chuma.

Na chuma gani? Diski ya mbele ina kilo kama saba. Kilojuli 100 zikiingia humo, joto linapanda nyuzi 30 hivi. Kwa kawaida mbele hubeba tuseme asilimia 70 na nyuma 30. Kwa hesabu hiyo kila mita 100 za kushuka zingepandisha kila diski ya mbele nyuzi 190, kama isingepoa kabisa. Ikiwa nyuma hazisaidii, mbele inabeba yote na zile 190 zinakuwa 270. Ukweli uko chini ya hapo kwa sababu diski inapoa ikizunguka, lakini tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo iliyonifanya nianze kufungua gari hili kwa nyuma badala ya mbele.

Alinishangaa. "Fundi, tatizo liko mbele."

Nikamwambia avute kiti.

Kabla ya kuinua, nilizunguka nalo kwenye barabara ya ndani, nikafunga breki mara sita kutoka 40, kisha nikapima diski kwa kile kipimajoto cha kulenga. Mbele kushoto 118, mbele kulia 112. Nyuma kulia 61, nyuma kushoto 49. Siku hiyo Dar ilikuwa nyuzi 32 kivulini. Diski ya nyuma kushoto ilikuwa imeshinda tu juani.

Tairi la nyuma kushoto lilipotoka, hakuna aliyehitaji maelezo. Uso wa nje wa diski ulikuwa na kutu nyekundu kama kikaango kilichosahauliwa nje wakati wa masika. Uso wa ndani uling'aa. Pedi ya ndani ilibaki kama milimita mbili, ya nje karibu mpya. Kalipa ya nyuma ni ya kutembea: pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili ili ivute pedi ya nje. Pini zikishika, pedi ya nje haifiki. Nilizigonga pini hizo kwa nyundo ya shaba mpaka zikatoka, na kilichotoka nazo kilikuwa grisi ya bearingi, nyeusi, nzito, na mpira wa pini umevimba kama maharage yaliyolowekwa. Mipira ya breki haipatani na grisi ya madini. Inaifyonza, inavimba, inabana. Mtu fulani zamani alitaka kufanya vizuri, akapaka grisi aliyokuwa nayo. Upande wa kulia hali ilikuwa afadhali kidogo tu.

Hiki ndicho kiini cha kisa chote kwa mtazamo wangu. Gari lilipita mikononi mwa mafundi, likanunuliwa kalipa, diski, pedi na vibandiko, na hakuna aliyevua tairi la nyuma. Mbele ndiko kunakoonekana kupitia rimu, na pesa nayo ilifuata macho.

Tukahamia mbele. Nilipovua tairi la kulia nilicheka, naye akaudhika, nikamwomba radhi. Niple, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, ilikuwa chini. Kalipa hizi zina ya kushoto na ya kulia; zimefanana kiasi kwamba bolti zake zinaingia popote, na fundi akizibadilisha pande, hakuna kitakachomkatalia. Lakini upepo huenda juu. Niple ikiwa chini, unatoa mafuta siku nzima, yanatoka safi bila povu hata moja, na upepo umekaa pale juu ya pistoni ukikutazama. Ndiyo ile "zitakaa zenyewe". Zisingekaa hata zikipewa mwaka.

Mafuta niliyovuta kwenye niple yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa birikani tangu alfajiri. Kumbe wakati wa kufunga kalipa waliongeza tu kidogo kutoka kwenye chupa iliyokuwa wazi, mengine yote yakabaki ya zamani. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, polepole, hata kupitia mipira. Madaraja yake huandikwa DOT: DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205, lakini ikishabeba maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia pengo lenyewe: DOT 4 iliyochoka ni mbaya kuliko DOT 3 iliyofunguliwa leo. Kwa mji wenye unyevu kama Dar, mimi nabadilisha kila miaka miwili bila kuuliza kilomita. (Na tafadhali usichanganye 5.1 na 5. Hiyo 5 ni ya silikoni, haichangamani na hizi nyingine.)

Diski nazo. Matundu yanapendeza, sikatai. Zamani pedi zilikuwa zikitoa gesi zikipata moto, na matundu yaliipa gesi hiyo pa kutokea. Pedi za leo hazina shida hiyo kwa kiasi kile. Michirizi bado ina kazi, inafuta uso wa pedi. Lakini kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho tangi lako la joto. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni mteremko mrefu, kutoboa diski ni kupunguza tangi. Zake zilikuwa zimetobolewa kwa ncha kali, bila kulainishwa ukingo. Nilipaka rangi nyepesi ya kupenya, nikafuta, na ufa ukajichora kutoka tundu moja hadi la pili, kisha mwingine mfupi ukielekea ukingoni. Alishika ile diski akainamisha kichwa muda mrefu.

Pedi sitaziongelea sana. Nyuma ya bati la pedi ya kuaminika huwa kuna msururu wa herufi, na herufi mbili zinaeleza msuguano wake: ya kwanza ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G inapanda hadi 0.55. Kwenye bati la pedi hizi kulikuwa na rangi nyekundu tu. Uso wake uling'aa kama kigae.

Kulikuwa na jingine lililonitisha kuliko yote hayo, na wala si breki. Kalipa mpya ilikuwa ikigusa rimu zake za inchi 16, kwa hiyo wakaweka spesa, vile visahani vya kusogeza rimu nje. Bolti za magurudumu ya Subaru ni za milimita 12, hatua 1.25, nati inapaswa kushika mizunguko tisa au kumi. Nilihesabu nikifungua: mitano. Gari limeshuka Kitonga mara moja na magurudumu ya mbele yamening'inia kwenye mizunguko mitano.

Tulichofanya kilikwenda kwa mpangilio, na nilipima katikati, kwa sababu ukibadilisha vitu sita kwa mpigo hutajua kipi kilikuponya. Kwanza nyuma: pini mpya, mipira yake, grisi ya silikoni ya breki, pedi mpya, diski zikakerezwa kidogo baada ya kuhakikisha unene unabaki juu ya ule uliopigwa mhuri pembeni. Vyote hivyo viligharimu chini ya bei ya diski moja ya mbele aliyonunua. Halafu kalipa za mbele zikabadilishana pande, zikafunguliwa na kuwekwa sili mpya maana vumbi lilishaanza kupenya. Mafuta yote yakatolewa, yakawekwa DOT 4 kutoka makopo madogo yaliyofungwa. Napenda makopo madogo; linalobaki nalimwaga. Pedeli ikapanda na kusimama juu, ngumu, hata kabla hatujagusa diski wala pedi za mbele.

Hapo tulibishana kidogo. Alitaka diski mpya za matundu, "za ubora safari hii". Nilimwambia ukweli wangu: kwa matumizi yake, hata zile breki za kiwandani zingemtosha, kama nyuma zingekuwa hai, mafuta mapya na mguu mwepesi. Pistoni nne zina faida, kalipa haitanuki ovyo na pedi ni kubwa zaidi, na kwa kuwa ameshazinunua na ni za Subaru, zibaki. Lakini diski iwe kamili, isiyo na tundu, milimita 24, na isitumike ikifika 22. Pedi yenye FF. Alikubali shingo upande.

"Sasa itasimama umbali mfupi zaidi?" akauliza.

Hapana. Watu wengi hutoa pesa kwa kuamini hivyo. Ukikanyaga kwa nguvu na ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge) ikaanza kutetemesha pedeli, maana yake breki zako tayari zina nguvu kuliko tairi. Kuanzia hapo hata ukifunga kalipa za ndege, gari litasimama palepale. Kinachozidi kwa breki kubwa ni uvumilivu, mara ya kumi kuwa kama ya kwanza. Nikamwonyesha namba nne ubavuni mwa tairi lake: 1415. Wiki ya 14, mwaka 2015. Raba ilikuwa ngumu kama kandambili ya plastiki. Siku mbili baadaye alileta rimu za inchi 17 za Impreza, mpangilio wa bolti uleule wa 5x100, zikiwa na matairi mapya, na spesa zikaenda zake.

Alfajiri ya Alhamisi tukaenda barabara ya Kisarawe, kabla ya daladala kuamka. Kutoka 80 hadi 20 mara kumi, bila kusimama kabisa, nikiacha dakika moja katikati, ili pedi iache utando wake sawasawa juu ya diski. Ukisimama kabisa pedi ikiwa moto, inaacha alama, na wiki ijayo utarudi ukisema usukani unatetemeka. Mara ya nane harufu ilipanda, ya kawaida kwa pedi mpya, ikapotea ya kumi. Kipimo: mbele 243 na 238, nyuma 158 na 165. Nyuma zilikuwa zinafanya kazi. Pedeli haikusogea hata unene wa kidole.

Somo la gia nilimpa pale pale njiani, kwa sababu ndilo la bure. Otomatiki yake ina D, 3, 2 na 1. Mlimani unachagua gia juu, kabla ya kuanza kushuka, si unapoogopa. Ukiwa kwenye 2 na gari bado linakimbia, unakanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, unapunguza, unaachia kabisa zipoe. Mguu uliolala juu ya pedeli kwa upole mwendo mzima unaonekana wa busara, lakini ndio uliochemsha mafuta yake mara mbili.

Alipiga simu wiki tatu baadaye, kutoka Ruaha Mbuyuni, nikisikia wauza vitunguu wakimgombania dirishani. Alikuwa ameshuka. Kwenye 2 karibu njia nzima, malori mbele, watu watatu ndani na matenga yake ya nyanya. Amesogeza kiganja karibu na rimu zote nne.

"Nyuma nako kuna moto, fundi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema.

Nikamuuliza pedeli. Iko palepale. Nikamwambia apite baada ya kilomita 5,000 niangalie pini ya nyuma kulia, ile sikuipenda sana, na asiyaoshe magurudumu kwa maji baridi hapo alipo.

Diski zake za matundu nilizitundika kwenye msumari mlangoni mwa gereji. Kila wiki kijana mmoja au wawili wanasimama wakiuliza bei. Nawashushia ile ya kushoto, nawawekea kidole juu ya ufa.